Shanzha ni dawa ya aliyevimbiwa

Mgonjwa mwingine tena ameniwekea mezani pakiti ya shanzha kavu, yaani tunda dogo jekundu na chachu la China, akataka kujua kama sasa anaweza kuacha vidonge vya shinikizo la damu, kwa kuwa Wachina, asema, wametibu moyo kwa tunda hili tangu kale. Asithubutu kuviacha.

Katika tiba ya jadi ya Kichina, kazi kuu ya shanzha ni kumtuliza aliyevimbiwa, hasa kwa nyama na mafuta. Li Shizhen, tabibu wa kale wa China ambaye kitabu chake cha dawa kilichapwa mwaka 1596, anasema kuku mzee akipikwa na punje chache za shanzha hulainika upesi. Kazi ya pili ni kuitawanya damu iliyovilia, kama katika maumivu ya tumbo baada ya kujifungua. Ni kwa njia hiyo farmakopia ya China ya leo, yaani kitabu rasmi cha dawa, inataja pia maumivu ya kifua. Lakini sifa ya kutibu moyo imevuma zaidi kutoka Ulaya, ambako hutumika majani na maua ya spishi nyingine, na hata huko jaribio la kitabibu liitwalo SPICE, la mwaka 2008, lililohusisha wagonjwa 2,681 wenye moyo ulioshindwa kazi, halikuonyesha nafuu ya uhakika katika kipimo chake kikuu.

Linaloniudhi zaidi ni kumpa shanzha kila mwenye tumbo lililojaa gesi. Anayefaa kupewa anacheua uchachu, harufu ya chakula inamchefua, na ulimi wake umefunikwa na utando mzito wenye ute. Mwenye ulimi mweupe, uliovimba na wenye alama za meno pembeni, anayejaa kwa vijiko vitatu vya uji, hana mzigo wa kuondolewa. Ana udhaifu wa tumbo, na shanzha peke yake itamdhoofisha zaidi. Kwa kuhara nachagua iliyokaangwa hadi ikaungua nje, kwa damu iliyovilia nachagua isiyokaangwa, iliyokaushwa tu, na kipimo cha kawaida ni gramu 9 hadi 12 kwa siku. Nakiri, hata hivyo, kwamba aliyevimbiwa anapopona siwezi kuapa kuwa ni shanzha iliyomponya, maana huwa nimemkataza nyama pia.

Mwenye kiungulia asiinywe kabla hajala, kwa kuwa ni kali kwa uchachu, na anayetumia dawa za moyo amweleze daktari wake kabla ya kuichemsha.