Fizi Kutoa Damu: Baridi ya Mbeya Inasingiziwa

Juni ikifika Mbeya na baridi ikaanza kung'ata, utasikia: fizi zinatoa damu kwa sababu ya baridi, acha mswaki kwanza. Hapana. Chanzo cha kawaida ni utando wa bakteria unaojikusanya jino linapokutana na fizi, na kuacha mswaki ndiko kunakouneemesha.

Ushahidi umo hata kwenye mate. Fizi ikivimba kwa sababu ya utando huo, chembe nyeupe za damu hukimbilia pale na kumwaga kimeng'enya kiitwacho MMP-8, ambacho hukatakata kolajeni, nyuzi zinazoishikilia fizi. Kikiongezeka, hupimika mateni, ingawa huna maumivu (ugonjwa wa fizi, kwa ujanja wake, mara nyingi hauumi). Daktari bado atachunguza kina cha mfuko kati ya fizi na jino. Nyumbani, mswaki laini mara 2 kwa siku, hata damu ikitoka.