Kutoka jeshini bila "heshima" si kukosa yote

Marekani, askari akitoka jeshini hupewa fomu ya DD 214, hati inayoeleza utumishi wake. Macho yote hukimbilia kisanduku cha 24: ametoka kwa hali gani? Wengi, wakiwemo vijana wetu waliojiunga huko, huamini kwamba pasipoandikwa "kwa heshima" kamili, mafao yote yamekwenda na maji. Si kweli.

Mwenye hati ya kutoka ya kawaida ("General"), ile ya daraja la pili chini ya "kwa heshima", kwa kawaida hupata matibabu na fidia ya ulemavu kutoka Idara ya Maveterani. Anachokosa ni karo ya masomo ya GI Bill, mpango wa serikali wa kuwasomesha waliotumikia jeshi, na hilo linauma kweli. Aliye chini ya hapo, lakini hakufukuzwa kwa hukumu, idara hupitia faili lake na kuamua yenyewe. Basi aombe, wengi hujinyima kabla ya kunyimwa. Anayefungiwa mlango hasa ni aliyefukuzwa kwa hukumu ya mahakama kuu ya kijeshi.

Na ule uvumi wa kambini kwamba hati hupanda daraja yenyewe baada ya miezi sita? Haipandi. Unajaza fomu ya DD 293, ya kuomba hati ipandishwe, ndani ya miaka 15 tangu kutoka jeshini, na kutoa sababu.