Je, wajua kwa nini Matt Dillon wa redioni hakuonekana kwenye televisheni?

Sauti nzito, mtu mrefu. Nilikuwa na imani hiyo tangu utotoni, na ndiyo iliyonipotosha nilipokutana na Gunsmoke, mchezo wa Kimarekani kuhusu Matt Dillon, mlinda sheria wa mji wa Dodge City, Kansas. Nilisikia kwanza rekodi za redioni: sauti nene, ya taratibu, ya mtu asiye na haraka ya kukutisha. Baadaye nikaona picha za televisheni na hapo katikati limesimama jitu la mita 2. Nikajumlisha kwamba ni mtu mmoja, nikawaeleza na wenzangu kwa kujiamini kabisa.

Ni watu wawili. Aliyeonekana ni James Arness. Aliyesikika ni William Conrad, mzaliwa wa Louisville, Kentucky, mwaka 1920, mtu mnene asiye mrefu. Sinemani alikuwa wa nafasi ndogo ndogo za watu wabaya; katika The Killers ya 1946 ni mmoja wa wauaji wawili wa kukodiwa.

Redio ya CBS ilianza kurusha Gunsmoke Aprili 1952. Televisheni ilipoichukua Septemba 1955, hakuachwa Conrad peke yake. Parley Baer aliyekuwa Chester, Howard McNear aliyekuwa daktari, Georgia Ellis aliyekuwa Kitty, wote walibaki nje ya nafasi zao. Hadithi nyingi zilizokwisha kusikika redioni zilihamishwa, wenye sauti hawakuhamishwa. Na redio haikufungwa! Vipindi vyote viwili vilikwenda sambamba hadi Juni 1961, kwa hiyo kwa karibu miaka sita Marekani ilikuwa na Matt Dillon wawili, mmoja wa macho na mwingine wa masikio, na watu waliishi nao bila matatizo.

Kwa nini? Jibu linalorudiwa sana ni umbo la Conrad, nami nalikubali, ila uamuzi wa namna hii ni nadra kuwa na sababu moja tu. Sinema zilikuwa zimeshawachorea watazamaji mtu wa bastola na farasi anavyotakiwa kuwa. Kipindi cha kwanza chenyewe kilifunguliwa na John Wayne, nyota wa sinema hizo, akimtambulisha Arness.

Lakini swali lililonikaa ni la masikio yangu: yalimpataje mtu mrefu ambaye hayupo?

Chukua udi wa taarabu. Uzito wa noti unatoka kwenye uzi. Uzi mnene uliolegea hutikisika polepole na kutoa noti ya chini. Uzi mwembamba uliokazwa hutikisika haraka na kutoa noti ya juu. Boksi la mbao halichagui noti, linaipa rangi tu. Funga uzi wa besi, kwa urefu na mkazo uleule, kwenye udi wenye boksi dogo, besi itabaki besi.

Kooni mambo ni hivyo hivyo. Nyuzi za sauti, ambazo kwa mwanamume hazizidi sana sentimita 2, ndizo zinazoamua noti. Boksi ni mfereji wa kuanzia hapo hadi midomoni, kama sentimita 17. Ukitaka kuuelewa mfereji huo, sema neno moja mdomo ukiwa kwenye kikombe, kisha ulirudie kwenye ndoo tupu. Noti hukuibadilisha, lakini ndoo imekufanya mzee.

Sasa, mfereji hufuata ukubwa wa mwili kwa kiasi fulani. Nyuzi zina njia yao. Wakati wa kubalehe homoni za kiume huzirefusha na kuzinenepesha, na hazisubiri kuuliza miguu imefikia wapi. Ndiyo maana mfupi anaweza kuwa na besi ya kutikisa kabati, na mrefu akaongea kama anaomba samahani.

Kanuni yangu ya utotoni haikuwa ya kipuuzi kabisa. Ukilinganisha mtoto na mtu mzima, inafanya kazi. Ukibaki na wanaume wazima peke yao, uhusiano wa noti na urefu unakuwa dhaifu mno. Rangi ya sauti inasaidia kukisia kidogo zaidi, lakini kidogo kweli. Nisingeitumia kumkatia mtu kanzu.

Kisha kuna maikrofoni. Zile za utepe, yaani zenye utepe mwembamba wa chuma unaotikiswa na sauti, zilizotumika sana redioni enzi hizo zina tabia ya kuongeza sauti za chini kadiri mdomo unavyozikaribia. Mwigizaji akisogea na kunong'ona, anamfikia msikilizaji akiwa mnene zaidi ya alivyo studioni. Conrad tayari alikuwa na besi ya kutosha. Mtambo ulimwongezea nyama, nami nikaigeuza nyama hiyo kuwa urefu.

Arness alibaki Matt Dillon hadi 1975, miaka 20. Conrad aliendelea kuajiriwa kwa koo: kuanzia 1963 hadi 1967 ndiye msimulizi asiyeonekana wa mchezo wa televisheni The Fugitive. Halafu 1971 televisheni ikamweka mbele ya kamera kama mpelelezi Cannon, unene wake wote ukionekana, na watu wakamtazama hadi 1976. Mwaka 1987 akarudi na kipindi kingine, na safari hii umbo lake likaingia kwenye jina lenyewe: Jake and the Fatman, yaani Jake na yule Mnene.