Jiwe Kubwa na Kokoto Hufika Chini Pamoja
Watoto wengi wa Kondele mjini Kisumu, na wazazi wao pia, huamini kwamba kitu kizito huanguka upesi kuliko chepesi, imani iliyofundishwa na Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Si kweli. Mtoto akiachilia kwa wakati mmoja jiwe la ukubwa wa ngumi na kokoto, kutoka kimo cha kichwa chake, atasikia vikigonga ardhi pamoja. Dunia hulivuta jiwe kubwa kwa nguvu zaidi, lakini jiwe hilo pia ni gumu zaidi kusogezwa, na kwa kiwango kile kile. Ndiyo maana kasi ya vyote viwili huongezeka kwa takriban mita 9.8 kwa sekunde katika kila sekunde.

Kinachopotosha macho ni hewa, ambayo huchelewesha zaidi kitu chepesi na kipana kama unyoya. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott aliangusha nyundo na unyoya kwenye uso wa Mwezi, kusiko na hewa, navyo vikatua pamoja.

Jaribio ninalolipendelea, na ambalo lingefaa kutangulia kanuni yoyote ubaoni, ni la karatasi mbili za daftari zilizo sawa: moja ikifinyangwa iwe duara hutangulia kufika chini, ingawa uzito wake haujabadilika hata chembe. Kisha ile bapa ilazwe juu ya kitabu kinachoizidi upana, viachiliwe pamoja, na karatasi haitabaki nyuma, kwa kuwa kitabu kinaikinga na hewa.