Hassenpflug: sentensi nzima ndani ya jina la ukoo

Msomaji wa Kiswahili akiliona jina la Kijerumani Hassenpflug, huenda mawazo yakamkimbilia Hassan. Majina hayo mawili hayana undugu. Wala halihusiani na sungura, ingawa Wajerumani humwita Hase.

Asili yake ni amri: hasse den Pflug, yaani "chukia plau". Lile den la katikati lilimezwa katika matamshi, ikabaki n peke yake. Hauenschild, "ipige ngao", limeundwa vivyo hivyo. Majina-sentensi ya aina hii ni machache mno ukiyalinganisha na akina Müller na Schmidt.

Majina ya ukoo yalianza kushika katika miji ya Ujerumani tangu karne ya 12. Akina Johannes walipozidi mtaani, kila mmoja aliongezewa kitambulisho: kazi yake, kwao, jina la babake, au utani. Hassenpflug ni la utani. Wapo wanaosema alitaniwa mkulima mvivu; wengine, kijana aliyekimbia shamba akafuata ufundi. Vijana waliomaliza uanagenzi, hasa wahunzi, walibatizwa na wenzao majina ya kejeli, na mengine yaliwaganda hadi kwa wajukuu. Mimi naegemea huko kwa mafundi, maana dhihaka yenyewe inanuka ujana.

Walioling'arisha jina hili ni familia moja ya Kassel, mji wa Ujerumani. Mama yao alikuwa wa uzao wa Waprotestanti waliokimbia Ufaransa, na mabinti zake, Marie na Jeanette, waliwasimulia ndugu Grimm, wale wakusanyaji wa ngano, hadithi nyingi, ikiwemo ile ya msichana wa kofia nyekundu na mbwa mwitu. Ya paka aliyevaa buti, aliyoisimulia Jeanette, ilichapishwa katika kitabu chao mwaka 1812 lakini ikaondolewa katika toleo la 1819, kwa kuwa ilifanana mno na ya Kifaransa.

Kaka yao Ludwig (1794–1862) alimwoa Lotte Grimm, dada wa ndugu hao, mwaka 1822. Akawa waziri wa Hessen-Kassel, dola ya Kijerumani ya wakati huo, kuanzia 1832, akarudishwa 1850, akitumia mkono wa chuma na kugombana na bunge juu ya katiba. Wananchi hawakuhangaika kumtafutia tusi jipya. Walilipinda jina lake kidogo tu, wakamwita Hessenfluch: "laana ya Hessen".