Tundu limepungua, kazi haijapungua

Wagonjwa wengi wakisikia kwamba upasuaji wa retina (tabaka la nyuma ya jicho linalopokea mwanga) siku hizi hupitia vitundu visivyohitaji kushonwa, hudhani hata ugonjwa wenyewe ni mdogo. Kilichopungua ni jeraha la nje. Ndani kazi ni ileile.

Daktari wa macho Robert Machemer alipoanza kuondoa ute unaojaza ndani ya jicho kwa njia hii mwaka 1970, chombo chake kilikuwa na unene wa kama milimita 1.5. Leo natumia chombo cha geji 25 (geji ni kipimo cha unene), yaani nusu milimita, au geji 27, kama milimita 0.4. (Ndiyo, namba ikipanda chombo kinapungua, hata wanafunzi huchanganyikiwa.) Tunatoboa weupe wa jicho, milimita 3.5 hadi 4 kutoka ukingo wa konea (kioo cha mbele cha jicho), mahali ambapo hatutagusa lenzi wala retina. Kitundu kimoja cha maji ya kushikilia presha, kimoja cha taa, kimoja cha kikataji.

Kwangu mimi, faida kubwa si kukwepa nyuzi. Ni ncha. Mwenye kisukari anaweza kuota mishipa mipya juu ya retina, kisha mishipa hiyo ikageuka utando wa kovu unaoivuta retina mpaka inabanduka. Zamani utando huo ulidai mkasi, koleo, mkasi tena, ingia toka. Kikataji cha sasa mdomo wake uko karibu kabisa na ncha, kwa hiyo nakipenyeza kati ya utando na retina na kukata palepale. Nacho hukata mara 10,000 au zaidi kwa dakika, kipande kidogo kidogo, retina isivutwe ovyo. Siku chache kabla, mara nyingi huwa nimedunga dawa ya kunyausha mishipa hiyo ili damu isinizibie njia. Nikikawia kumpasua, dawa hiyohiyo hukaza kovu na mvutano ukazidi.

Wembamba nao una gharama. Geji 27 hupinda unapoligeuza jicho, na mafuta ya silikoni, tunayojaza jichoni kuishikilia retina, hupita humo kwa kusuasua. Utando ukiwa mgumu, sioni aibu kuchukua geji 23.

Nikimaliza kwa kujaza gesi jichoni kuishikilia retina, sharti moja halina mjadala: hakuna ndege mpaka gesi iishe. Gesi ya SF6 huchukua kama wiki mbili, ya C3F8 kama wiki nane. Angani gesi hutanuka, presha ya jicho ikapanda hadi kupofusha. Ukihitaji upasuaji mwingine wowote kabla haijaisha, mwambie daktari wa usingizi asikupe gesi ya usingizi iitwayo naitrasi oksaidi.