Kalsiamu na Virutubisho Vinavyoshirikiana Nayo: Maswali na Majibu

Mbali na mifupa na meno, kalsiamu ina kazi gani mwilini?

Takriban asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili imo katika mifupa na meno, na ndiyo maana watu wengi huijua kwa kazi hiyo peke yake. Hata hivyo, ile asilimia 1 iliyomo katika damu na tishu nyingine ndiyo inayotegemewa na uhai saa kwa saa: bila hiyo misuli haijikunji, neva hazipashani ujumbe ipasavyo, na damu ya jeraha haigandi. Moyo nao ni msuli. Mwaka 1883 daktari Mwingereza Sydney Ringer alionyesha kwamba moyo wa chura uliotolewa mwilini huendelea kudunda katika maji ya chumvi yenye kalsiamu, lakini kalsiamu ikikosekana mapigo hufifia na kukoma.

Kipimo cha damu kimeonyesha kwamba kalsiamu yangu ni ya kawaida. Je, mifupa yangu ni imara?

Si lazima, na hapa ndipo wengi wanapojidanganya bila kujua. Nyuma ya tezi ya shingo kuna tezi nyingine ndogo, kwa kawaida nne, zinazochunguza kiwango cha kalsiamu katika damu wakati wote. Kikishuka kidogo tu, hutoa homoni inayoifanya mifupa iachie kalsiamu, inayozuia figo zisiipoteze katika mkojo, na inayozichochea figo hizo kuikamilisha vitamini D ili utumbo ufyonze kalsiamu zaidi kutoka katika chakula. Kwa hiyo mtu anaweza kula kalsiamu haba kwa miaka mingi, majibu ya damu yakawa mazuri kila mara, kumbe mifupa ndiyo inayolipa deni hilo kimyakimya hadi siku inapovunjika kwa kuanguka kidogo. Uimara wa mifupa hupimwa kwa eksirei maalumu inayoonyesha wingi wa madini yaliyomo.

Vitamini D inahusikaje?

Inapopungua, utumbo hufyonza sehemu ndogo tu ya kalsiamu, hata mlo ukiwa nayo tele. Ngozi huanza kuitengeneza inapopigwa na jua, ini huibadilisha, kisha figo huikamilisha. Ndiyo sababu ugonjwa sugu wa figo huidhoofisha mifupa pia. Mtoto mwenye upungufu mkubwa hupata matege, na mtu mzima hupata mifupa laini yenye maumivu.

Na madini mengine?

Fosforasi huungana na kalsiamu kuufanya mfupa uwe mgumu, na kwa kawaida chakula huitoa ya kutosha. Magnesiamu ndiyo husahauliwa zaidi: ikipungua sana, tezi zile ndogo za nyuma ya tezi ya shingo hushindwa kutoa homoni yake vizuri, na kalsiamu ya damu hushuka, wala haipandi ipasavyo mgonjwa akipewa kalsiamu pekee mpaka magnesiamu irudishwe.

Je, ninywe vidonge?

Chakula kitangulie: maziwa, mtindi, samaki wadogo wanaoliwa pamoja na mifupa, na mboga za majani, ingawa kalsiamu ya spinachi hufyonzwa kidogo kwa sababu imefungwa na oksaleti, kemikali ya asili iliyomo katika mboga hiyo. Mwongozo wa Marekani unapendekeza miligramu 1,000 kwa siku kwa watu wazima wengi, 1,200 kwa wanawake waliozidi miaka 50, na 1,300 kwa wenye umri wa miaka 9 hadi 18. Iwapo daktari ameshauri vidonge, mwili hufyonza vizuri zaidi dozi isiyozidi miligramu 500 kwa mara moja, na kuzidisha kunaweza kuleta vijiwe vya figo. Anayetumia levothairoksini kwa ajili ya tezi ya shingo aitenganishe na vidonge vya kalsiamu kwa saa 4, kwa sababu kalsiamu huizuia dawa hiyo isifyonzwe.